Mtihani wa Maarshitekti: Mlango Mmoja, Kufuli Nyingi

Nyumba ikianguka, haiwaulizi waliomo kama mwenye kuichora alikuwa na cheti. Yaua tu. Ndiyo maana tangu zamani watu wametafuta njia ya kumbana mjenzi. Katika nchi ya Babeli, miaka kama 1750 kabla ya Kristu, mfalme Hammurabi aliandikisha sheria juu ya jiwe: nyumba ikianguka na kumwua mwenye nyumba, mjenzi naye auawe, ikimwua mwana wa mwenye nyumba, basi auawe mwana wa mjenzi. Sheria kali, tena isiyo ya haki, maana mtoto yule ana kosa gani? Zaidi ya hayo ilikuja nyuma ya msiba. Siku hizi serikali nyingi zaona heri kumpima mtu kabla hajachora, kuliko kumwadhibu baada ya kuzika watu. Katika nchi kadhaa kipimo hicho ni mtihani wa leseni, na leo twataka kusema juu yake maneno ambayo si wote watakaoyapenda.

Arshitekti ni nani? Si mwashi apangaye matofali, wala si tajiri atoaye fedha. Ni yule achoraye plani kabla shimo la kwanza la msingi halijachimbwa: nguzo isimame wapi, ngazi iwe na upana gani, watu mia tatu wakikimbia moto watoke kwa mlango upi. Mafundi wengi tuwajuao hubeba plani kichwani, na nyumba zao zasimama miaka na miaka. Hatuwadharau hata kidogo, tena tutarudi kwao. Lakini jengo la orofa kumi halibebwi kichwani.

Tutasema hasa habari za Marekani, kwa sababu huko mabishano juu ya mtihani huu ni makali, na kanuni zake zimeandikwa wazi, kila mtu aweza kuzisoma. Jimbo la Illinois, lenye mji wa Chicago, ndilo lililotangulia kutoa sheria ya leseni ya maarshitekti, mwaka wa 1897. Majimbo mengine yakafuata moja moja. Mwaka wa 1919 mabaraza ya majimbo yakaunda shirika la kuyaunganisha, liitwalo kwa kifupi NCARB, na shirika hilo ndilo litungalo mtihani unaotumika katika majimbo yote. Tangu mwaka wa 2016 mtihani una sehemu sita. Kila sehemu yafanywa peke yake, mbele ya kompyuta. Ashindwaye sehemu moja hungoja siku 60 kabla ya kuijaribu tena, na katika mwaka mmoja hapewi zaidi ya nafasi tatu.

Wako wanaosema: Ondoeni mtihani kabisa! Kwao leseni ni hila ya maarshitekti ya kujifungia soko na kupandisha bei. Nao huleta ushahidi wa wakubwa. Frank Lloyd Wright, wasema, hakumaliza chuo kikuu. Le Corbusier hakuwa na diploma ya chuo cha maarshitekti. Je, dunia imepata wangapi kama hao?

Ni kweli, wachache. Lakini tumtazame huyo Wright mwenyewe. Nyumba yake yenye sifa kuliko zote yasimama juu ya maporomoko ya maji huko Pennsylvania. Ilijengwa miaka ya 1936 hadi 1939. Varanda zake za beto zimetokeza hewani bila nguzo chini, na kila azionaye hushangaa. Basi varanda zile zilianza kuinama tangu siku za ujenzi. Wahandisi wa mwenye nyumba waliona mapema kuwa vyuma vilivyopangwa ndani ya beto ni vichache, wakaongeza vingine, na Wright akakasirika. Hata hivyo havikutosha. Miaka ikapita, varanda ikashuka zaidi ya sentimeta 15, hata mwaka wa 2002 ikabidi kuifunga kwa nyaya za chuma zenye nguvu ili isianguke. Huyo ndiye mwenye kipaji! Na yule aliyeagiza nyumba alikuwa tajiri, mwenye wahandisi wa kuwauliza. Mpangaji wa chumba kimoja katika orofa ya nne hana wa kumwuliza. Kwa ajili ya mpangaji huyo twasema mtihani ubaki, na wanaotaka kuufuta hatuko nao.

Tena kuna sababu nyingine ambayo wapinzani wa mtihani huisahau: mara nyingi mtihani umekuwa rafiki wa mtu asiye na rafiki.

Norma Sklarek, mwanamke mweusi aliyezaliwa Harlem, katika mji wa New York, mwaka wa 1926, alipata diploma ya chuo kikuu cha Columbia mwaka wa 1950. Akaenda kuomba kazi. Biro kumi na tisa zikamkataa. Kwa kuwa mweusi, au kwa kuwa mwanamke? Mwenyewe alisema hakujua ni lipi kati ya hayo mawili. Mwishowe idara ya kazi za mji ikampokea. Mwaka wa 1954 aliingia mtihani, nao wakati ule ulichukua siku nne nzima, akashinda kwa mara ya kwanza. Wenye biro kumi na tisa walikuwa wameutazama uso wake, karatasi haikuutazama. Mama huyu baadaye alisimamia ujenzi wa jengo la abiria katika kiwanja cha ndege cha Los Angeles, lililotakiwa kuwa tayari kabla ya michezo ya Olimpiki ya 1984, nalo likawa tayari.

Kabla yake kulikuwa na Paul Williams wa Los Angeles, mweusi naye, tena yatima tangu utoto, aliyepata leseni mwaka wa 1921. Alijizoeza kuchora plani juu chini, ili mteja aliyeketi ng'ambo ya meza aione sawasawa, kwa maana alijua wazungu wengine hawapendi kuketi ubavuni pake. Mteja wa namna hiyo, bila cheti cha serikali, angemwamini mtu mweusi kumchorea nyumba? Hatudhani. Cheti kilimsemea pale ambapo hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Basi ugomvi wetu si na mtihani. Ugomvi wetu ni na wale wanaojiita walinzi wake, ambao mwaka hata mwaka wameuongezea kufuli mlango huu, kisha wakasema: Tazameni, wasiostahili hawaingii!

Kufuli moja ilikuwa saa. Kuanzia mwaka wa 2006 shirika la NCARB liliweka kanuni hii: mtu akishinda sehemu ya kwanza ya mtihani, apewe miaka mitano ya kuzimaliza zote. Akichelewa, ile aliyoishinda mwanzoni yafutwa; airudie na ailipie upya. Wakati akiirudia, ya pili nayo yaelekea kufutwa. Alikuwa kama mtu achotaye maji kwa kapu. Na ni nani aliyechelewa? Ni mama aliyezaa katikati ya safari. Ni kijana atunzaye wazazi wagonjwa. Ni mfanyakazi wa biro ndogo ambaye mkubwa wake hamlipii ada wala hampi siku ya kusoma. Mwana wa tajiri hakuiogopa saa ile.

Twauliza: je, ujuzi wa nguzo na ngazi huoza kwa miaka mitano? Kama waoza, mbona arshitekti aliyeshinda mwaka wa 1985 haitwi tena mtihanini? Yeye huhudhuria masomo ya nyongeza ya saa chache, hulipa ada ya leseni, huendelea na kazi yake kwa amani. Ujuzi wa mzee hauozi, wa kijana waoza! Hapo hapakuwa na ulinzi wa nyumba wala wa wapangaji. Palikuwa na mlinda-mlango apendaye kuona mlango umefungwa.

Kanuni hiyo ilidumu hata mwaka wa 2023, ndipo shirika lenyewe likaiondoa, likikiri kwamba iliwaumiza wanawake na watu wasio wazungu kuliko wengine. Watu wakarudishiwa sehemu zilizokuwa zimefutwa. Twawashukuru kwa kukiri. Lakini miaka kumi na saba si mchezo. Aliyekata tamaa mwaka wa 2011, akaenda kuuza duka au kuandika hesabu za watu, nani atamrudishia?

Wala saa ya namna hii si uzushi wa Wamarekani. Julia Morgan wa California alipotaka kusoma katika chuo kikubwa cha Paris, cha École des Beaux-Arts, alijaribu mtihani wa kuingia mara tatu ndipo akakubaliwa, mwaka wa 1898, mwanamke wa kwanza katika idara ya maarshitekti. Na chuo kile kilikuwa na kanuni: ukitimiza miaka 30, masomo yako yamekwisha, uwe umemaliza au hukumaliza. Dada huyu alipata cheti mwanzoni mwa mwaka wa 1902, katika siku zile zile za kutimiza miaka 30. Wakati huo ulikuwa mwembamba kama uzi. Akarudi kwao, na mwaka wa 1904 akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni katika jimbo la California. Mwaka ule ule alijenga mnara wa kengele wa chuo cha Mills, karibu na Oakland, kwa beto yenye vyuma ndani, jambo ambalo wengi wakati ule hawakuliamini bado. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko kuu likaupiga mji wa San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Watu kama 3,000 wakafa, na majengo yasiyohesabika yakaanguka au yakaungua. Mnara wa Julia Morgan haukuanguka. Uko hata leo. Kama siku zake za kuzaliwa zingalitangulia kwa miezi michache, chuo cha Paris kingalimrudisha nyumbani mikono mitupu.

Tuje kwenye fedha. Mwaka wa 2023 ada ilikuwa dola 235 kwa kila sehemu, yaani dola 1,410 kwa zote sita, kwa yule asiyeshindwa hata mara moja. Na washindwao ni wengi: katika sehemu kadhaa karibu nusu ya wanaojaribu hurudi bila kushinda, na kila kurudi ni ada nyingine, bila kuhesabu vitabu. Walinzi husema: Mtihani hauoni rangi ya mtu. Nasi tumesema hivyo hivyo hapo juu. Lakini hesabu za shirika lao zaonyesha kwamba watahiniwa weusi hushindwa kuliko wazungu katika kila sehemu. Je, hayo mawili yapatana? Yapatana. Karatasi haioni uso, lakini yaona usiku ule mtu alipokosa kulala kwa kuwa alikuwa kazini. Yaona kitabu ambacho hakukinunua. Yaona kwamba hakuna mkubwa katika biro aliyeketi naye jioni kumfundisha. Katika Marekani watu weusi ni kama 13 kwa kila watu mia. Kati ya maarshitekti wenye leseni ni kama 2 tu kwa mia. Asituambie mtu kwamba hao kumi na mmoja waliopungua walikosa akili.

Kufuli nzito kuliko zote, hata hivyo, haimo ndani ya mtihani, bali pembeni mwake. Ili upewe leseni, kushinda hakutoshi. Lazima pia uonyeshe saa 3,740 za kazi, na sehemu kubwa ya saa hizo ishuhudiwe kwa sahihi ya arshitekti mwenye leseni. Zamani zilikuwa saa 5,600. Zilipunguzwa mwaka wa 2015. Kwa mtu mwenye kazi ya kila siku ni karibu miaka miwili, nasi hatuoni ubaya mtu kujifunza kazi kwa kufanya kazi. Ubaya uko katika ile sahihi. Rudini kwa Norma Sklarek na biro zake kumi na tisa. Mtihani ulimkubali, lakini kama njia nzima ingalikuwa mikononi mwa wenye biro, angalikaa mlangoni hata leo. Anayekuandikia saa ni yule yule anayekulipa mshahara, ni yule yule utakayeshindana naye sokoni ukipata leseni. Ukimwudhi, saa zako huenda polepole. Hapa uso wa mtu hutazamwa tena, na jina lake, na namna anavyosema.

Juu ya saa hizo, majimbo mengi hudai diploma ya chuo kilichokubaliwa. New York na California humpokea pia aliyejifunza kazini kwa miaka mingi. Mengine humfungia njia, hata kama angeweza kushinda sehemu zote sita. Tangu kuanza chuo mpaka kupata leseni, Mmarekani hutumia kwa wastani miaka kama 13.

Sasa tuwaulize walinzi swali moja, nao watujibu bila kuzunguka. Mtihani wenu wapima kweli kama mtu aweza kuchora jengo lisiloua watu, au haupimi? Kama wapima, mbona hamwuamini? Mwamfukuza fundi aliyefanya kazi miaka ishirini, kabla hajaketi, kwa kukosa diploma. Na kama haupimi, kwa nini mwawalipisha watu ada kwa kila sehemu? Tumesikia kwamba siku hizi shirika lenyewe limeanza kusema njia ziwe nyingi. Vema. Lakini mabaraza ya majimbo ndiyo yenye sheria, na mengine hayana haraka.

Wengine watasema kwamba kumfungulia fundi mlango ni kuleta maafa. Basi watazame Japani, nchi ya matetemeko, ambako kosa la plani hujulikana upesi. Sheria yao ya mwaka wa 1950 iliweka madaraja. Fundi seremala asiye na shule yoyote ya ujenzi, lakini mwenye miaka saba ya kazi, aruhusiwa kuingia mtihani wa daraja la nyumba za mbao, zisizozidi orofa mbili na meta za mraba 300, au ule wa daraja la pili. Akiisha kulipata daraja la pili, njia ya la kwanza iko wazi mbele yake. Wala hawamhurumii huko: katika mtihani wa daraja la kwanza hushinda kama watu kumi tu kwa mia. Tadao Ando, ambaye majengo yake ya beto yajulikana dunia nzima, hakusoma chuo cha maarshitekti. Alikuwa mpiganaji wa ngumi. Wajapani hawakulegeza kipimo hata kidogo. Walichofanya ni kumruhusu kila mtu apimwe, na kila mtu apewe jengo la kadiri ya ujuzi wake. Mchora nyumba ya orofa mbili hawamtaki ajue mambo ya jumba la orofa thelathini.

Tena Japani yatufundisha kitu kingine, kichungu. Mwezi wa Novemba 2005 iligunduliwa kwamba arshitekti mmoja, Hidetsugu Aneha, mwenye leseni ya daraja la kwanza, alikuwa akighushi hesabu za nguvu ya majengo: mahoteli na majumba ya wapangaji yalikuwa na vyuma vichache kuliko sheria ilivyotaka, yasiweze kuhimili tetemeko kubwa. Watu wakahamishwa kutoka nyumba walizokuwa bado wakizilipia mkopo, majengo yakabomolewa. Mwaka wa 2006 mahakama ya Tokyo ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Huyo alikuwa ameushinda mtihani mgumu kuliko wa Marekani! Hakukosa ujuzi. Alijua vizuri sana ni vyuma vingapi vyatakiwa, akaandika pungufu. Serikali ya Japani haikujibu kwa kuweka saa wala kupandisha ada. Ilibadili sheria, na tangu mwaka wa 2007 hesabu za majengo makubwa hukaguliwa mara ya pili na wajuzi wengine, kabla msingi haujachimbwa. Hapo ndipo tungependa kuona nguvu za walinzi wa Marekani zikienda: kwenye macho ya pili juu ya kila plani kubwa, hata ya mzee mwenye sifa.

Limebaki jambo moja, nalo latuchekesha na kutusikitisha pamoja. Katika mtihani wa zamani wa Marekani, mtahiniwa alikaa saa 12 na penseli, akachora jengo zima, na maarshitekti wazee wakakaa kusahihisha. Baadaye penseli ikaondolewa, mtu akachora kwa kompyuta. Mtihani mpya wa mwaka wa 2016 ulipokuja, hata michoro hiyo ikaachwa. Sasa mchora-nyumba huchagua jibu, hugusa mahali kwenye picha, husukuma kipande kukiweka pake, na mashine yatoa alama. Huko Japani mtahiniwa wa daraja la kwanza angali akikaa saa sita na nusu mbele ya ubao wa kuchorea, na mtu angali akimsahihisha. Watatuambia kusahihisha michoro ya maelfu ya watu ni kazi ghali. Hatukatai. Lakini ada hizo za sehemu sita, je, hazitoshi kumlipa mzee mmoja wa kazi aitazame plani ya kijana kwa nusu saa?